Foleni ya nani? Gari, redio na watu wasiohesabiwa barabarani Dar

Saa moja na nusu asubuhi, daladala ya Gongo la Mboto kwenda Simu 2000 imeganda Buguruni. Konda amenyamaza, jambo lisilo la kawaida yake. Redio ya dereva inatangaza kwamba Barabara ya Mandela imefunga, na wenye magari wanaombwa watumie njia mbadala. Mama aliyekaa pembeni yangu, kapu la mchicha likiwa limebanwa katikati ya miguu, aliitazama ile redio kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Humo ndani tulikuwa zaidi ya thelathini, waliosimama wakiwemo. Njia mbadala hatukuwa nayo. Daladala ina njia yake iliyoandikwa kwenye leseni, na ikichepuka trafiki wanaisubiri. Tangazo lilihusu barabara tuliyokwama, lakini halikutuhusu sisi.

Tangu siku ile nayasikiliza mazungumzo ya mjini kwa sikio jingine. Bajeti ikisomwa, bei ya mafuta ikitangazwa, ajali ikitokea, kijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp maneno ni yaleyale: Dar magari yamezidi, barabara zipanuliwe, asiye na gari kodi ya mafuta haimhusu, ajali haina kinga. Kila moja ya kauli hizi ina ukweli nusu. Nimejaribu hapa kuzifungua moja baada ya nyingine, kwa sababu naona zinatoka kwenye fundo moja: gari na habari ni vitu tunavyovijadili mbalimbali, wakati vimekuwa vikisaidiana kuamua nani anahesabika kuwa mtumiaji wa barabara.

Tuanze na maana. Kumiliki gari, kwa maana ninayoitumia hapa, ni kuwa na uhuru wa kuchagua saa ya kutoka, njia ya kupita na mahali pa kusimama. Abiria wa daladala ananunua safari. Mwenye gari ananunua uchaguzi. Chombo cha habari nacho ni mtu au kampuni inayokuchagulia, kati ya maelfu ya mambo yaliyotokea leo, yale machache utakayoyasikia. Redio, gazeti, televisheni, ukurasa wa mtandaoni, vyote kazi yao ya kwanza ni hiyo ya kuchagua, hata kabla hawajasema uongo au ukweli. Kwa hiyo tuna uchaguzi wa njia na uchaguzi wa habari. Ukizishika hizi mbili, mengine yatafuata.

Hapa kwetu milango ya vitu hivi viwili ilifunguka karibu kwa pamoja. Wazee wa mjini wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu, magari binafsi yakizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari lilikuwa la ofisi, la shirika, au la mtu mkubwa. Ndiyo maana Kiswahili kilikuwa kimeshatunga neno Wabenzi, kikawapa wenye Mercedes-Benz kiambishi cha watu kana kwamba ni kabila, kama Wazaramo au Wahehe. Habari nazo zilikuwa na mlango mwembamba: Radio Tanzania Dar es Salaam, na magazeti ya chama na serikali. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1993 ikaja sheria ya utangazaji iliyoruhusu vituo binafsi, na mwaka 1994 ITV ikaonekana hewani. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 alikua akiona magari yaliyotumika Japani yakiongezeka mtaani, na stesheni za redio zikiongezeka kwenye masafa.

Na vitu hivi vilikutana ndani ya dashibodi. Jambo hili lina historia ndefu: mwaka 1930 kampuni moja ya Marekani ilipoanza kuuza redio ya kwenye gari iliipa jina la Motorola, neno lililounganishwa na lile la gari. Hapa Dar muungano huo unauona kwa mafundi wa redio za magari Kariakoo. Gari la Japani huja na redio inayoshika FM kuanzia 76 hadi 90, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa masafa ya kwao. Kwetu stesheni zinaenda hadi 108. Kwa hiyo mtu anatoka bandarini na Toyota IST yake, bado inamsalimia kwa Kijapani, na kabla hata hajabadili matairi anakwenda kwa fundi kufungiwa kifaa cha kupanua masafa au kubadilishiwa redio nzima. Gari lisilo na habari za hapa halijawa gari la hapa.

Sasa jiulize kwa nini vipindi vikubwa vya redio viko asubuhi na jioni, saa zilezile za foleni. Mapitio ya magazeti yanasomwa watu wakiwa njiani kwenda kazini, uchambuzi wa soka na siasa unarudi watu wakirudi nyumbani. Msikilizaji aliyefungwa ndani ya gari saa nzima ni mali kwa kituo cha redio. Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo, tukidhani redio ni bure. Fikiria ukumbi wa harusi. Unakula pilau, unacheza, hulipi kitu, lakini kuna mtu aliyelipia ukumbi na ndiye aliyeamua nani apewe kadi. Kwenye redio na televisheni aliyelipia ukumbi ni mtangazaji wa biashara: muuza magari, muuza vilainishi, kampuni ya bima, benki yenye mkopo wa gari. Hao wanamtaka msikilizaji mwenye uwezo wa kununua. Hakuna haja ya mtu kukaa mezani na kula njama. Inatosha kwamba msikilizaji anayelipa zaidi ni yule mwenye usukani, basi lugha ya kituo itajielekeza kwake yenyewe, hadi "wenye magari tumieni njia mbadala" lionekane tangazo la watu wote.

Lakini hawa wenye usukani ni wangapi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Ni nyongeza ya watu zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi. Simama kituo chochote saa kumi na mbili asubuhi, Mbagala Rangi Tatu, Gongo la Mboto, Mbezi kwa Magufuli, utaona kwa macho kwamba wengi wao wanasafiri kwa daladala, mwendokasi, bodaboda, bajaji na miguu. Sababu kubwa ni gharama, na gharama hiyo inafaa kufafanuliwa maana ndiyo inayowashangaza wengi wanaoagiza gari kwa mara ya kwanza.

Kodi ya gari haipigwi kwa kujumlisha asilimia. Inapandiana, kama matofali. Chukua gari lenye injini ya ujazo wa kati ya cc 1,000 na 2,000 ambalo thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, imekadiriwa kuwa shilingi 10,000,000, na tuseme halijafikia umri wa kutozwa uchakavu. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 2,500,000, unafika 12,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 unapigwa juu ya hiyo 12,500,000, siyo juu ya milioni kumi ya mwanzo: unaongeza 625,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote hiyo ya 13,125,000, nayo ni 2,362,500. Gari la milioni kumi limefika 15,487,500 na bado hatujagusa tozo ndogondogo, gharama za bandari wala usajili. Gari kuukuu linabeba tozo ya uchakavu juu yake, na ndiyo sababu IST ya miaka mingi, ambayo Japani iliuzwa kwa bei ya kutupa, hapa inakuwa ghali. Jambo la mwisho, na limewaliza watu: TRA, mamlaka ya mapato, hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wao, siyo risiti yako. Ukinunua kwa bei ya chini kwa sababu ulimpata muuzaji mwenye shida, punguzo hilo halikufuati hadi bandarini. Kikokotoo chao kipo mtandaoni, kipitie kabla hujatuma pesa.

Baada ya hapo gari linaanza kula: wese, bima, spea, fundi. Nawaelewa kabisa wanaojinyima miaka kadhaa kulipata. Dar ina jua, mvua za masika, na makonda wanaokusukuma mgongoni. Anayempeleka mzazi mgonjwa Muhimbili usiku wa manane hanunui sifa. Simlaumu mwenye gari hata kidogo. Ninachopinga ni hesabu inayomfanya yeye peke yake kuwa mwananchi wa barabarani.

Hesabu hiyo imejificha hata kwenye kodi. Mwaka 2017, Dk. Philip Mpango akiwa Waziri wa Fedha, ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyokuwa tukiiita roodi laisensi, ilifutwa. Shangwe zilikuwa kubwa na vichwa vya habari vilikuwa vya furaha. Fedha hizo hazikupotea, zilihamishwa: ushuru uliongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Soma tena hayo ya mwisho. Ushuru wa mafuta ya taa huwekwa karibu na wa dizeli ili kuzuia uchakachuaji, na sababu hiyo ina mantiki. Lakini matokeo yake ni kwamba bibi anayewasha koroboi kijijini aliingizwa kwenye ada ambayo zamani ililipwa na mwenye gari. Muuza mchicha wa Buguruni aliingizwa pia, kupitia nauli ya daladala na bodaboda inayomletea mzigo. Kwa hiyo mtu akikwambia asiye na gari hahusiki na bei ya mafuta, mwambie EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, nyanya nazo zinasikiliza.

Tuje kwenye foleni, maana hapa ndipo kauli ya "barabara zipanuliwe" inapopata nguvu. Inaonekana ni hesabu ya darasa la nne: magari mengi, barabara nyembamba, basi panua. Ukweli unakwenda tofauti, na mfano wake uko Kariakoo. Duka moja likianza kuuza unga kwa bei ya chini, siku ya kwanza foleni inakwenda haraka. Siku ya tatu watu wa Manzese wamesikia. Wiki ya pili hata aliyekuwa ananunua kilo mbili anataka mfuko. Foleni imerudi ilivyokuwa, na duka halijapungua ukubwa. Barabara mpya ni unga wa bei rahisi. Ikiwa nyepesi, aliyekuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni anaanza kutoka saa moja. Aliyekuwa akipanda mwendokasi analitoa gari lake. Mwingine anapata moyo wa kujenga mbali zaidi, Kibaha au Chanika, kwa sababu sasa "ni dakika chache tu." Wataalamu wa usafiri wameliandika jambo hili tangu miaka ya 1960. Houston, Marekani, waliipanua barabara ya Katy hadi ikafika njia 26 sehemu nyingine, barabara za pembeni zikihesabiwa, kazi ikakamilika 2008. Miaka michache baadaye muda wa safari za asubuhi na jioni ulikuwa umeanza kupanda tena.

Sisemi madaraja ya juu hayana kazi. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, na la Kijazi pale Ubungo, mwaka 2021, yameondoa mateso ya makutano yale, na aliyewahi kukaa Ubungo saa mbili akisubiri mkono wa trafiki hawezi kuyabeza. Mimi nilifurahi kama wengine. Ila daraja linatatua makutano. Halitatui wingi wa magari, na magari yaliyopita TAZARA kwa kasi yanakusanyika mbele, ndiyo maana sisi tulikuwa tumeganda Buguruni.

Pima kwa urefu. IST ina urefu wa karibu mita nne. Basi lile refu la mwendokasi lililounganishwa katikati ni mita 18. Nafasi ya basi moja inatosha IST nne zilizobanana, na asubuhi nyingi kila IST ina mtu mmoja au wawili. Watu wanane upande huu, zaidi ya mia moja upande ule, lami ileile. Hivyo foleni ni ukosefu wa nafasi, lakini swali la kwanza ni nafasi hiyo amepewa nani. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, kilomita kama 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, ilikuwa mara ya kwanza katika jiji hili lami bora kabisa, ile ya katikati, kupewa mtu asiye na gari. Mwaka 2018 Dar ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Watu waliojazana vituoni wanajua kasoro zake, na ni haki yao kuzisema kwa sauti: njia ya basi bila mabasi ya kutosha ni ahadi nusu. Hata hivyo angalia tunavyoitumia kasoro hiyo. Basi likichelewa, husemwa mradi umeshindwa. Foleni ya magari binafsi ikidumu miaka ishirini, hakuna anayesema gari binafsi limeshindwa. Husemwa barabara haitoshi.

Tofauti hiyo ya lugha inaniongoza kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, yaani ajali.

Habari huchagua lisilo la kawaida. Mbwa kumuuma mtu ni jambo la kila siku, mtu akimuuma mbwa ndiyo habari. Ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu, Mei 2017, iliyochukua maisha ya watu 35, ilisimamisha nchi, na ilistahili. Lakini anayegongwa peke yake akivuka Barabara ya Kilwa Alhamisi jioni hana uzito huo wa kusimamisha nchi. Kesho yake mwingine, keshokutwa mwingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021, na zaidi ya nusu ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, barabara ndiyo muuaji wa kwanza, mbele ya magonjwa yote. Kwa hiyo mtu anayejua ajali kwa kusikiliza habari anadhani hatari kubwa ni basi la mkoani. Hatari iliyo karibu naye zaidi ni ile barabara mwanawe anayoivuka kwenda shule.

Watafiti wawili, McCombs na Shaw, waliwahoji wapiga kura 100 huko Chapel Hill, Marekani, wakati wa uchaguzi wa 1968, wakaona kwamba mambo ambayo watu waliyataja kuwa makubwa yalikuwa yaleyale yaliyopewa nafasi kubwa kwenye habari. Habari huenda zisikubadili mawazo juu ya jambo, lakini zinakupangia ni jambo gani uliwazie. Ukisikia foleni kila asubuhi na vivuko mara moja kwa mwaka, utaamini tatizo la jiji ni foleni.

Halafu kuna maneno yenyewe. Kiswahili chetu cha habari kinaliruhusu gari kutenda mambo peke yake. Gari limeacha njia. Gari limefeli breki. Lori limeparamia kibanda. Mtoto amegongwa na gari. Dereva yuko wapi ndani ya sentensi hizo? Na aliyechora barabara bila njia ya miguu? Lakini mwenda kwa miguu, yeye huwa na kitenzi chake na lawama zake: "alikuwa akivuka ghafla." Nani amewahi kuripoti kwamba gari lilikuja ghafla?

Usidhani lugha hii ni ya asili kama mvua. Mahali pengine tunajua ilivyotengenezwa. Miaka ya mwanzo ya 1920 magazeti mengi ya Marekani yaliliandika gari kama muuaji, na waliouawa walikuwa wengi wao watembea kwa miguu na watoto waliozoea kucheza barabarani. Mwaka 1923 wakazi zaidi ya 42,000 wa jiji la Cincinnati walisaini ombi kwamba kila gari lifungwe kidhibiti mwendo cha maili 25 kwa saa, kama kilomita 40. Wenye biashara ya magari walishtuka, wakalipiga vita ombi hilo hadi likashindwa kwenye kura. Kisha chama cha watengenezaji magari kikaanzisha huduma ya bure kwa magazeti: mwandishi anatuma taarifa fupi za ajali, anarudishiwa habari iliyokamilika, na katika habari hizo lawama ikaanza kuhamia kwa anayetembea. Wakati huohuo neno moja la dharau, "jaywalker", likaenezwa kwa mtu anayevuka barabara popote. Lilijengwa juu ya neno la mtaani lenye maana ya mshamba. Ndani ya muda usiozidi kizazi kimoja, barabara iliyokuwa ya watu wote ikawa ya magari, na mwenye miguu akawa mvamizi.

Nasi tunalo neno hilohilo. Mara ngapi umesikia dereva akipiga honi na kumwita mtu mshamba kwa sababu amevuka? Pengine amevuka hapo kwa sababu kivuko kiko mbali na jua ni kali na ndoo ya samaki iko kichwani.

Kuhusu "ajali haina kinga", wahenga walikuwa wakimfariji aliyepatwa na jambo lisilozuilika, na faraja hiyo naiheshimu. Ila ukiihamishia barabarani inakuwa kifuniko. Ajali ya barabarani ina kinga nyingi na zinajulikana kwa majina: mkanda, helmeti, tuta, njia ya miguu, mwendo. Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa asilimia kama 4. Hapa hapa Dar, shirika la Amend limefanya kazi na shule zilizo kando ya barabara hatari kupitia mpango wa SARSAI: njia ya miguu, matuta, alama, lango la shule kuhamishiwa upande salama. Ni vitu vya bei ndogo kulinganisha na daraja lolote, na mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI, taasisi ya utafiti ya Marekani. Waulize watu kumi wa kijiweni kwako kama wamewahi kuusikia.

Kuna kinga nyingine baada ya ajali ambayo watu hawaambiwi. Ile inayoitwa bima ndogo ni lazima kisheria kwa kila gari, na lengo lake hasa ni wewe uliye nje ya gari au abiria, unayeumizwa na mwenye gari hilo. Bima kubwa ndiyo inayoongeza kulilinda gari lenyewe. Watu wengi hugongwa, wakapewa pesa ya panadol na nauli ya bajaji, wakaishia hapo wakidhani bima ni mambo ya tajiri na kampuni yake. Namba ya usajili ya gari inatosha kuanzia: TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, wana mfumo mtandaoni unaoonyesha kama gari hilo lina bima hai na ya kampuni gani. Iandike namba hiyo au mwombe aliye karibu aipige picha, kisha hakikisha polisi wameandika taarifa, maana bila hiyo karatasi kampuni ya bima haitakusikiliza.

Kwa rafiki zangu wa vyumba vya habari nina ombi la kazi, tena dogo. Taarifa ya polisi ikifika ikisema mwanafunzi amegongwa na gari akivuka ghafla, sentensi ya kwanza inaweza kuwa: "Dereva wa lori amemgonga mwanafunzi kwenye barabara isiyo na kivuko." Ni ukweli uleule, urefu uleule, na nafasi kwenye ukurasa ni ileile. Sentensi ya pili itaje barabara ni ya nani, kwa sababu barabara ina mwenyewe. Kuu kama Mandela na Kilwa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Sentensi ya tatu iwe jibu la meneja wa barabara hiyo kwa swali hili: tuta litajengwa lini?